Namna ya kupata chumba cha poka kilichochangamka na mashindano yasiyokausha mfuko

Mara ya kwanza nilipokwenda kasino kwa ajili ya poka peke yake, nilifika Jumanne saa tisa alasiri. Tangazo lilisema chumba kina meza kumi na mbili, na kweli nilizikuta zote. Kumi na moja zilikuwa zimefunikwa. Moja ilikaliwa na watu wanane, sita kati yao wakiwa na vipokea sauti masikioni, kila mmoja anangoja karata nzuri kama mvuvi aliyekwishatega. Nilikaa saa mbili, nikaliwa kidogo na kuchoka sana. Wiki chache baadaye nilipita pale pale usiku wa Ijumaa, saa nne hivi, nikakuta meza tisa zinachezwa, majina ishirini kwenye orodha ya kusubiri, na vicheko vinasikika tangu mlangoni. Jengo ni lile lile, wagawaji karata ni wale wale.

Tangu hapo sijawahi kumuuliza mtu chumba kizuri ni kipi. Namuuliza chumba gani, siku gani, saa ngapi. Mwongozo huu umejengwa juu ya swali hilo. Mifano ya hesabu nimeiandika kwa namba tupu. Weka sarafu yako mwenyewe.

Hatua ya 1: Jua unakwenda kucheza nini

Meza ya pesa taslimu na mashindano ni biashara mbili tofauti ndani ya chumba kimoja. Kwenye meza ya taslimu chipu yako, kile kisahani cha kuchezea, ni pesa, unaingia na kuondoka unapotaka, na blaindi, yaani madau mawili ya lazima, dogo na kubwa, yanayowekwa kabla ya karata kugawiwa, hazipandi. Kwenye mashindano unalipa kiingilio mara moja, unapewa chipu zisizo na thamani nje ya mchezo, blaindi zinapanda kila baada ya dakika kadhaa, na wanaolipwa kwa kawaida ni asilimia 10 hadi 15 tu ya walioingia. Maana yake siku nyingi utarudi mikono mitupu hata ukicheza vizuri.

Kuna vyumba vyenye meza za taslimu zinazowaka moto na mashindano ya hovyo, na kuna vingine kinyume chake. Ukitafuta vyote viwili mahali pamoja bila kuamua kipi ni cha kwanza, utaishia na nusu nusu. Mimi nikiwa na jioni moja tu huchagua taslimu. Nikiwa na siku nzima, mashindano.

Na kabla ya yote, tenga pesa ambayo ikipotea yote maisha yako hayatatikisika. Hii ni kamari. Ukiona unaanza kuipigia hesabu pesa ya kodi au ya ada, usiende.

Hatua ya 2: Kusanya majina ukiwa bado nyumbani

Zipo zana zinazosaidia. PokerAtlas huorodhesha vyumba, aina za michezo na ratiba za mashindano, na ina nguvu zaidi Amerika Kaskazini. Bravo Poker Live huonyesha meza zinazochezwa wakati huo huo na urefu wa orodha za kusubiri, ila kwa vyumba vinavyotumia mfumo wake pekee. The Hendon Mob ni kumbukumbu ya matokeo ya mashindano duniani. Mimi huitumia kinyumenyume: badala ya kutazama nani alishinda, natazama mashindano madogo ya chumba fulani yalipata watu wangapi mwezi uliopita. Ratiba inaeleza nia ya kasino; matokeo yanaeleza kilichotokea kweli.

Hapo hapo hakikisha chumba kina leseni na uangalie umri unaoruhusiwa. Uingereza ni miaka 18, Las Vegas ni 21. Beba kitambulisho hata kama mvi zimeshaota.

Jihadhari na picha za tovuti. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: chumba kinachojaa kila usiku mara nyingi kina ukurasa mmoja mbaya wenye ratiba na namba ya simu.

Hatua ya 3: Piga simu, na uulize mambo ya jana

Hatua hii wengi huiruka, nami ndiyo niithaminiyo kuliko zote. Omba kuunganishwa na dawati la chumba cha poka, si mapokezi ya kasino. Usiulize kama pamechangamka, kwa sababu utajibiwa ndiyo. Uliza mambo ambayo hayajibiki kwa tabasamu.

Sasa hivi mnacheza meza ngapi, na za blaindi zipi? Jana saa kama hii zilikuwa ngapi? Meza ya mwisho huvunjika saa ngapi? Mashindano ya jana usiku yaliingiwa na watu wangapi? Mtu anaruhusiwa kukaa na kiasi gani, cha chini na cha juu? Naweza kuandikisha jina kwa simu?

Sikiliza anavyojibu. Msimamizi anayejua idadi ya jana bila kusita anakipenda chumba chake. Anayesema "inategemea" kwa kila swali, huenda jana hapakuwa na kitu.

Ukiambiwa kuna orodha ndefu ya mchezo fulani, uliza kama mchezo wenyewe umeshaanza. Vyumba vingi huweka majina ya watu wanaoutamani mchezo hata kama hakuna meza hata moja. Omaha, aina ya poka ya karata nne mkononi, husumbuliwa sana na hili: majina saba kwenye skrini, watatu wamekwenda kula, wawili wamekwenda nyumbani, na meza haifunguliwi mpaka alfajiri.

Hatua ya 4: Chagua saa kabla ya kuchagua mahali

Usiku wa Ijumaa na Jumamosi, mikesha ya sikukuu, na siku kasino ina tamasha au mechi kubwa: hapo ndipo wanaokuja kujifurahisha hujitokeza, na meza huchangamka kwa sababu yao. Asubuhi na mchana wa katikati ya wiki hubaki wenyeji, na wenyeji wa chumba cha poka huishi kwa methali moja tu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukiingia saa tano asubuhi Jumatano, mgeni ni wewe.

Kuna saa moja ambayo haiandikwi popote. Kasino ikiwa na mashindano makubwa, waliotolewa hawaondoki. Wana hasira, wana pesa waliyopanga kukaa nayo siku nzima, na meza za taslimu ziko hatua chache tu kutoka walipotolewa. Kuanzia saa mbili au tatu baada ya mashindano kuanza, na zaidi pale mlango wa kuingia upya, yaani kulipa tena ukishatolewa, unapofungwa, meza za pembeni hujaa ghafla. Nikisikia kuna mashindano ya watu mia mbili yanayoanza saa sita mchana, mimi hufika saa tisa na nusu kwa ajili ya taslimu.

Kwa kiwango kikubwa zaidi ndivyo inavyokuwa Las Vegas kila kiangazi. World Series of Poker, mfululizo wa mashindano makubwa ya poka ulioanza 1970 katika kasino ya Binion's Horseshoe, huvuta maelfu ya wachezaji kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Julai, na kasino nyingine za mji huo hupanga mashindano yao ya bei ya chini ili kuwanasa wale wale. Ulaya, King's iliyoko Rozvadov, kijiji cha Ucheki kwenye mpaka wa Ujerumani, hutegemea matamasha ya namna hiyo. Kwenda mahali kama pale katikati ya tamasha ni safari tofauti kabisa na kwenda wiki ambayo hakuna kitu.

Hatua ya 5: Simama pembeni kabla ya kukaa

Ukifika, andikisha jina halafu usiketi. Simama kwenye uzio dakika kumi na tano. Hesabu mikono kumi (mkono ni mgao mmoja wa karata) na uangalie ni watu wangapi wanaoiona flopu, yaani karata tatu za kwanza za mezani. Wakiwa wanne au watano mara nyingi, meza imechangamka. Wakiwa wawili, mmoja amepandisha dau na mwingine anajitetea, wengine wote wametupa karata zao, hapo ni kazini, si mchezoni.

Halafu tazama chipu. Mirundo iliyopangwa kwa ustadi, yote ya urefu mmoja, ni ya watu wanaokuja kila siku. Mirundo iliyomwagika, mmoja ana mlima na jirani yake amebakiza vichache na anaita aongezewe, ni dalili kwamba pesa inatembea. Sikiliza mazungumzo pia. Meza inayopiga soga hulipia karata dhaifu ili isikose hadithi. Na kama kuna mtu anayeweka dau la hiari kabla ya karata kugawiwa, na wenzake wanamuunga mkono, usiende mbali.

Tahadhari moja: meza iliyochangamka hutikisa mfuko zaidi. Utakuwa na karata bora, watu wanne watakufuata, na mmoja atapata karata ya mwisho aliyoihitaji. Ukiwa mtu wa kuumia moyo kwa hilo, tafuta meza tulivu yenye blaindi ndogo kwanza.

Jambo la ndani kidogo. Vyumba vingi vyenye meza zaidi ya moja za mchezo mmoja huwa na meza mama na meza ya kulisha. Nafasi ikitokea kwenye meza mama, aliyekaa muda mrefu zaidi kwenye meza ya kulisha hulazimika kuhama. Kwa hiyo meza mama hujaa wakongwe waliokwishakaa saa nyingi, wakati meza ya kulisha hupokea kila anayeingia kutoka mlangoni. Wachezaji wapya huona kuhamishiwa meza mama ni kupandishwa cheo. Mimi huiona kama kuondolewa sherehe na kupelekwa kwenye kikao. Pale sheria za chumba zinaporuhusu, naomba kubadilishiwa meza mara tu ninapoona yangu imepoa, na wala sioni aibu; msimamizi huandika jina lako na maisha yanaendelea.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya makato

Nyumba, yaani kasino, hula kwa njia tatu. Ya kwanza ni asilimia ya poti, yaani pesa yote iliyowekwa katika mkono mmoja, mara nyingi 10, hadi kikomo fulani. Ya pili ni kiasi maalumu kwa kila mkono bila kujali ukubwa wa poti, kama ilivyo kwenye kumbi za California. Ya tatu ni kulipia kiti kwa saa, njia iliyozoeleka katika vilabu vya Texas na katika michezo mikubwa ya kasino nyingi.

Tuseme meza ina blaindi za 1 na 2, poti ya kawaida ni 40, nyumba inakata asilimia 10 yenye kikomo cha 5, na inaongeza 1 kwa ajili ya bahati nasibu ya chumba. Hiyo ni 5 kila mkono. Kwa saa mgawaji hugawa mikono kama 30, na tuseme 25 kati yake inafika flopu, maana vyumba vingi havikati mkono ulioisha kabla ya hapo. Meza inapoteza 125 kwa saa. Kwa watu tisa, kila kiti kinachangia karibu 14, sawa na blaindi kubwa saba. Bado hujatoa bakshishi ya mgawaji.

Sasa panda hadi blaindi za 2 na 5 katika chumba hicho hicho, kikomo kile kile. Hata kila poti ikifikia kikomo, mkono unakatwa 6, saa inakatwa 150, na kila kiti kinachangia kama 17. Hiyo ni zaidi kidogo ya blaindi kubwa tatu. Ndiyo sababu michezo midogo kabisa ni migumu kuishinda hata ikiwa imejaa wanaojifurahisha. Sikwambii upande kabla hujawa tayari. Nakwambia usilinganishe vyumba kwa ukubwa wa blaindi pekee. Uliza kikomo cha makato.

Kuhusu zawadi za mkono mkubwa kuliko yote wa saa hiyo na bahati nasibu ya mkono mkali ulioshindwa na mkali zaidi: pesa hiyo imetoka kwenye poti zenu. Tena huleta aina fulani ya mchezaji, anayekaa saa sita akilea karata mbili akingoja zawadi. Zawadi zikiwa nono, meza hupoa.

Hatua ya 7: Soma ratiba ya blaindi, usisome bango

Bango la mashindano litakwambia chipu za kuanzia kwa herufi kubwa, kwa sababu namba kubwa hupendeza. Omba karatasi ya ratiba ya blaindi. Chumba kisichokuwa nayo, au kinachokuambia utaiona ukishalipa, kiache.

Chukua mashindano mawili yenye kiingilio sawa. La kwanza linatoa chipu 30,000, ngazi za dakika 15 (yaani blaindi zinapanda kila dakika 15), linaanza na blaindi za 200 na 400. La pili linatoa 15,000 tu, ngazi za dakika 30, linaanza na 50 na 100. Wengi hukimbilia la kwanza. Sasa jiulize: baada ya saa mbili, chipu za kuanzia zitakuwa na thamani ya blaindi kubwa ngapi?

Katika la kwanza, saa mbili ni ngazi nane zimepita. Ikiwa ngazi ya tisa ni 2,000 na 4,000, zile 30,000 ni blaindi kubwa saba na nusu. Umebakiwa na uamuzi mmoja, kuweka zote au kutupa. Katika la pili zimepita ngazi nne tu. Ikiwa ya tano ni 300 na 600, zile 15,000 bado ni blaindi kubwa 25, na una nafasi ya kucheza poka. Kipimo changu ni hiki: zaidi ya 25 baada ya saa mbili, naingia kwa furaha, kati ya 15 na 25, naingia kama bei ni ndogo kweli, chini ya 15, najua nanunua tiketi ya bahati nasibu.

Kutokana na karatasi hiyo hiyo utajua mtamaliza saa ngapi. Zidisha idadi ya watu unaowatarajia kwa chipu za kuanzia, kisha gawanya kwa 25 hivi. Watu 60 kwa 15,000 ni chipu 900,000. Ukigawanya unapata 36,000. Mashindano yatakwisha blaindi kubwa ikikaribia hapo. Itafute kwenye ratiba, hesabu ngazi, ongeza mapumziko. Mtu mwenye basi la mwisho la kuwahi anahitaji hesabu hii kuliko hesabu ya karata.

Halafu kigawe kile kiingilio. Kiingilio cha 100 huenda ni 80 ya zawadi na 20 ya nyumba. Cha 50 huenda ni 35 na 15, yaani asilimia 30 imeliwa kabla hujaona karata. Viingilio vidogo hukatwa zaidi kwa sababu mgawaji hulipwa vile vile, meza iwe ya matajiri au ya makapuku. Kwangu asilimia 20 ndiyo mpaka. Kwa hiyo mashindano ya bei nafuu si lazima yawe yale ya kiingilio kidogo. Wakati mwingine mawili ya 50 ni ghali kuliko moja la 100.

Ukiambiwa kuna nyongeza ya hiari ya wafanyakazi, labda 10 kwa chipu 5,000 zaidi, chukua. Pesa hiyo haiendi kwenye zawadi, lakini kama 100 zilikupa 15,000, unaongeza theluthi nzima ya chipu kwa sehemu ya kumi ya bei. Anayekataa anaanza akiwa nyuma ya meza nzima.

Hatua ya 8: Dhamana, kuingia upya na mchujo

Dhamana ni ahadi ya kasino kwamba zawadi hazitapungua kiasi fulani hata watu wakiwa wachache. Mara nyingi haina maana, kwa kuwa watu hutosha. Lakini tuseme imedhaminiwa 5,000, kila kiingilio kinapeleka 80, na dakika chache kabla ya usajili kufungwa wapo 45. Wamekusanya 3,600. Nyumba itaongeza 1,400, yaani 31 kwa kila aliyeingia, zaidi ya zile 20 ilizokata. Hiyo ni jioni ya nadra ambayo nyumba inakulipa wewe ucheze. Siku za mvua na siku za mechi kubwa hupenda kuzaa hali hii, na ndiyo sababu sipendi kusajili mapema.

Kuingia upya ndiko kunakoharibu neno "nafuu". Mashindano ya kiingilio cha 60 yenye ruhusa ya kuingia bila kikomo huwa na watu waliojiandaa kulipa 180, na katika saa ya kwanza hucheza hivyo. Ukiwa na 60 tu mfukoni, tafuta ya kuingia mara moja, au ya mara moja zaidi basi.

Mchujo ni mashindano madogo ambayo zawadi yake ni kiti kwenye makubwa. Chris Moneymaker alianza na mchujo wa dola 86 kwenye intaneti, akaingia mashindano makuu ya World Series of Poker ya 2003 yenye kiingilio cha dola 10,000, akawashinda watu 838 na kuondoka na dola milioni 2.5. Mwaka uliofuata waliingia 2,576. Hadithi yake imewaliza wengi, lakini mchujo wenyewe ni kitu kizuri ikiwa ulikuwa na nia ya kucheza yale makubwa. Uliza tu kama kiti kinaweza kubadilishwa kwa pesa. Mahali pengi hakibadilishwi.

Hatua ya 9: Unapoketi

Chumba kinachofuata sheria za chama cha wasimamizi wa mashindano, TDA, kilichoanzishwa 2001, hakitakushangaza sana. Mambo mawili huwaponza wageni. Ukisukuma chipu moja kubwa bila kusema neno, umefuata dau, hujapandisha, sema kwanza. Na kwenye meza ya taslimu huruhusiwi kutia mfukoni sehemu ya chipu ukiendelea kucheza. Zinabaki mezani mpaka uinuke.

Hatua ya 10: Andika

Nina daftari dogo, na kila nikiondoka naandika mstari mmoja kabla sijafika nje: siku, saa, meza ngapi, wangapi waliona flopu, kikomo cha makato. Niliposhinda au kuliwa siandiki hapo; hilo lina ukurasa wake, na halinielezi chochote kuhusu chumba. Ukurasa wa chumba kile cha Jumanne sasa unasomeka hivi: "Jumanne alasiri, meza 1, wawili. Ijumaa saa nne usiku, meza 9, watano. Jumapili saa kumi, baada ya mashindano, meza 6, wanne, wa meza ya kulisha wanacheka. Alhamisi, usiende."